Nyumba ya Jina Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na bati la jikoni limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Nikatega sufuria. Wifi akasema, "Mwaka huu mwenye nyumba atatengeneza, apende asipende." Kisha tukakumbuka wote wawili kwamba mwenye nyumba tulimzika Januari.

Daftari hili nimelinunua kwa amri ya Bi Muhuri, mkuu wangu pale masijala ya hospitali. Leo asubuhi nilimweleza kwamba mtoto wa marehemu alipita Jumamosi kuuliza mkataba wetu uko wapi, nami nikamjibu kwamba mkataba hatujawahi kuwa nao. Bi Muhuri alivua miwani. "Wewe mtu mzima unatunza majalada ya wagonjwa elfu arobaini, na la nyumba yako huna hata ukurasa?" Akaniambia nianze kuandika: tarehe, nani kasema nini. Basi naandika.

Tuko watatu humu. Mimi, binti yangu wa miaka kumi na mitatu ambaye tangu ajue kusema tunamwita Chiriku, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki, wifi naye alikuwa ameachika, mwanawe wa pekee keshakuwa mkubwa na yuko kazini mji mwingine. Tukaunganisha nguvu. Vyumba viwili, sebule, jiko na kibaraza anachosukia wateja wake. Wifi ndiye mwenye mdomo, kwa hiyo ndiye aliyezungumza na mzee mwenye nyumba. Mzee alitutazama, mimi na nguo zangu za eda, akasema, "Kaeni mpaka mchoke wenyewe." Hayo ndiyo maandishi yetu. Yana miaka minane.

Jumamosi, 9 Machi

Mrithi amekuja tena. Hilo ni jina tulilompa sisi. Yeye hutuita "mama zangu" na hukaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kina vumbi.

Hakuleta shari. Alileta daftari la baba yake. Ametupa mpaka mwisho wa Mei. Kuanzia Juni kila nyumba ya marehemu itakuwa na mkataba wa maandishi, na mkataba mmoja utakuwa na jina moja. Vyumba kugawanywa kwa familia mbili hataki, maana ndugu zake wanamdai hesabu safi. Akafungua ukurasa wetu. Limeandikwa jina la wifi. Langu halipo. Miaka minane, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mzee kodi yake kila tarehe tano.

"Lakini mzee alitukubalia wote," nikasema.

"Sikatai, mama. Nani alikuwepo?"

Nikamtazama wifi nikingoja aseme. Wifi alikuwa anakusanya vikombe. Kimoja kilimponyoka kikaanguka.

Alipoondoka nikamuuliza wifi mbona kakaa kimya. "Nilikuwa nawaza," akasema. "Tutajua la kufanya. Mimi na wewe ni pete na kidole."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua kutwa. Sufuria mbili sasa.

Jumapili, 17 Machi

Kuna kitu kimemwingia wifi. Alhamisi tulipishana barabarani karibu na duka la dawa, nikampungia mkono, akapita kama aliyepishana na mlingoti. Nikaita, "Wifi!" Akageuka ameshtuka, akacheka kicheko cha mtu anayetafuta uongo. Jana mboga ilikuwa chumvi tupu. Na leo, hili ndilo lililoniuma: Chiriku alikuwa ametengeneza moyo wa udongo kwa somo la sayansi, vyumba vyote vinne na mishipa yake, ameuanika sakafuni kando ya mlango. Wifi akaukanyaga. Akaendelea kutembea. Chiriku alipopiga kelele, wifi akasema, "Vitu haviwekwi njiani." Hakuomba hata radhi.

Miaka minane haijawahi kutokea akamkaripia mtoto huyu. Ndiye aliyemlisha uji baada ya msiba, nilipokuwa nimelala natazama dari.

Jumatano, 20 Machi

Wateja wawili wa wifi wamelalamika mistari ya kichwa imepinda. Akawaambia vichwa vyao ndivyo vilivyopinda. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikakumbuka kwamba nimemnunia.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeomba ruhusa ya saa mbili nikaenda kwa mjumbe wa mtaa. Ni fundi viatu, na ofisi yake ni banda lake la kazi. Alinisikiliza huku akipiga msumari.

"Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano," akasema. "Usidanganywe. Ila mdomo mmoja ni madai. Lazima upatikane mdomo wa pili. Mzee kafa. Nani mwingine aliyasikia maneno yake?"

"Wifi yangu."

"Basi una shahidi chumba cha pili, unatembea juani kutafuta nini?"

Nilirudi kazini mwepesi. Njiani nikanunua ndizi mbivu, zile anazopenda wifi. Amezila zote.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kama Bi Muhuri anavyotaka.

Saa nne asubuhi tulikaa sebuleni: Mrithi, mjumbe, wifi na mimi. Chiriku nilimtuma dukani, akatii kwa miguu tu, masikio akayaacha dirishani. Mvua ilikuwa imekatika kidogo.

Mjumbe alianza vizuri. Akasema hakuna aliyekuja kugombana. Kilichoko mezani ni kimoja: je, marehemu alimpangisha mtu mmoja au wawili? Kama ni wawili, basi mrithi amerithi wapangaji wawili, na haki ni kuwaandika wote au kuwapa wote muda wa kutosha. Mrithi akakubali. Akasema mbele yetu sote, "Wakithibitisha, nitaandika majina mawili. Sitaki laana ya baba yangu."

Yaani ilibaki sentensi moja. Wifi alitakiwa aseme sentensi moja.

Mjumbe akamgeukia. "Mama, marehemu aliwakubalia wote wawili?"

Wifi alikuwa anatazama mbele yake, wala hakunigeukia mimi niliyekaa ubavuni kwake. Akafuta mapaja kwa viganja. Akasema, "Aliyeongea naye ni mimi."

"Hilo tunalijua. Nauliza alisemaje."

"Aliongea na mimi."

"Wifi," nikamwambia, "alisema kaeni. *Kaeni*. Hakusema kaa."

"Zamani sana hiyo. Watu husema mengi."

Mjumbe alinitazama kama daktari anavyowatazama ndugu wa mgonjwa pale kwenye korido. Mrithi akafunga daftari polepole. Nadhani hata yeye aliona aibu. Akasema basi mkataba atauleta kwa jina lililopo, na mimi nisiwe na haraka, mwisho wa Mei ni mbali.

Walipotoka nilimfuata wifi mpaka kibarazani. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu nimemkosea nini.

"Hujanikosea."

"Basi sema kwa nini."

"Mwanangu anakuja," akasema. "Yeye na mkewe. Kapata uhamisho wa kazi huku. Watahitaji chumba."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Februari."

Februari! Kabla Mrithi hajakanyaga hapa. Wakati mimi natega sufuria na kuhesabu maneno ya marehemu kama mjinga, yeye alikuwa ameshanitoa kichwani. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. La mwisho ndilo nitakaloandika, maana ndilo lililomfanya akae chini: nilimwambia kaka yake angefufuka leo angemtemea mate.

Chiriku alikuwa amesimama na kiberiti mkononi. Amesikia yote.

Jumapili, 7 Aprili

Hatujasalimiana.

Jumanne, 9 Aprili

Hatujasalimiana. Jiko tunalitumia kwa zamu, kama wanajeshi.

Jumamosi, 13 Aprili

Akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga walijua. Mimi nimekaa mwezi mzima nasubiri neno "toka" na kumbe nilishaambiwa kwa chumvi, kwa moyo wa udongo, kwa kupitwa barabarani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimempata dalali. Watu humwita Bwana Karibu, kwa sababu kila nyumba aliyonayo iko "hapo karibu tu." Leo tumetembea kwenye matope mpaka viatu vikawa na uzito wa mtoto. Chumba cha kwanza hakina dirisha. Cha pili kina dirisha, ila linatazama ndani ya chumba cha jirani. Cha tatu mwenye nyumba aliniuliza mume yuko wapi. Nikamwambia yuko makaburini. Akauliza kama nitaleta wanaume. Nikamwambia huyo mmoja nimeshindwa kumrudisha, hao wengine nitawatoa wapi? Bwana Karibu alicheka hadi akaegemea ukuta. Chumba hakunipa.

Jumatano, 24 Aprili

Chiriku amenigomea. "Mimi sihami. Nitabaki na shangazi."

"Shangazi yako ndiye anayetutoa."

"Anakutoa wewe. Mimi hajaniambia niondoke."

Nilimpiga kofi. Ni mara ya pili maishani mwake. Hakulia. Alienda chumbani kwa shangazi yake akafunga mlango, na sikuweza kwenda kuugonga.

Niliwaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata siku moja: huyu mtoto ni wa ukoo wao. Sura ya kwao, jina la kwao. Mimi ndiye mgeni. Kama nisivyo na karatasi ya nyumba, nina karatasi gani ya kubaki kwenye familia hii?

Alhamisi, 25 Aprili

Wifi amemrudisha mwenyewe. Amesimama kwenye mlango wangu, mkono ukutani, akasema, "Mtoto huenda na mama yake. Nimeshamwambia." Hayo ni maneno ya kwanza baada ya siku kumi na tisa. Nikasema asante, na asante yenyewe ikanichukiza.

Tangu jana Chiriku ni chiriku aliyekatwa ulimi.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu, hatukwenda kazini. Nimepata vyumba viwili vidogo upande wa pili wa mji, kwenye ua wa mwalimu mstaafu. Dari haivuji; nilimwomba anionyeshe wakati mvua inanyesha. Nikamwambia sihamii bila maandishi. Mwalimu akafurahi kama aliyeulizwa swali zuri darasani. Akachukua karatasi yenye mistari, akaandika kwa mwandiko wa kulala, akisoma kila neno kwa sauti. Alipofika kwenye idadi ya wakazi akasita. "Wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Nimezoea watatu. Ulimi ulitaka kuteleza.

Jumanne, 14 Mei

Sijui kama haya nayo niyaandike. Tunaapishwa tukiingia masijala: kinachosomwa humu hufia humu. Sitaandika jina. Lakini nisipoandika kabisa nitapasuka.

Saa tano asubuhi nilikuwa nayarudisha kwenye rafu majalada ya kliniki ya macho ya jana. Jana sikuwepo, nilikuwa nimeomba siku nikasafishe vyumba vipya. Kazi ni kutazama namba na jina, basi. Jina la jalada moja sikulijua. Namba ya simu nikaijua. Nyumba nikaijua. Mwaka wa kuzaliwa, kazi: msusi. Ametumia jina la bibi yake, mzaa mama. Alichagua siku ambayo sipo.

Nilitakiwa kulifunga. Sikulifunga. Presha ya macho, yote mawili. Barua ya kwanza kutoka zahanati ya mtaani ni ya Januari. Daktari ameandika kwamba macho yanaona katikati tu, pembeni kumekufa. Kwamba kilichopotea hakirudi. Kwamba dawa zitachelewesha, hazitazuia.

Kisha chini, mahali pa ndugu wa karibu wa kuitwa likitokea la kutokea, pameandikwa: wifi. Na namba ya simu ni yangu.

Nilikaa juu ya ngazi ya rafu. Bi Muhuri akauliza naumwa nini. Nikasema vumbi.

Alhamisi, 16 Mei

Namtazama wifi. Nilikuwa namtazama miezi miwili nikiona ubaya. Sasa naona mtu anayetembea akigusa ukuta kwa nyuma ya kiganja, polepole, kana kwamba anaufuta. Akimimina chai anatumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Chumvi anaionja kiganjani kwanza. Siku ile hakuionja. Barabarani nilikuwa ubavuni kwake. Ule moyo wa udongo ulikuwa kando ya mlango. Na siku ya kikao nilikaa ubavuni kwake nikasema hanitazami usoni.

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nimefungua mdomo mara tatu leo, nikaufunga. Nikisema, nimevunja kiapo cha kazi inayonilisha. Nisiposema, ninahama na kuacha kipofu wa kesho. Na bado nina hasira. Hilo ndilo linalonishangaza. Nilidhani huruma ikiingia hasira hutoka. Kumbe vinakaa chumba kimoja, na havina mkataba.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua. Nimefunga vyombo nusu. Wifi ameuliza kama nahitaji maboksi.

Jumamosi, 25 Mei

Tumehama.

Gari la mizigo lilikuja saa tatu, kukiwa na manyunyu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu tulinunua pamoja, nilikuwa nimeogopa siku hii: nani achukue nini, na hakuna risiti hata moja. Haikuwa hivyo. Wifi alisema, "Chukua unachotaka." Nikachukua vitanda viwili, meza ya Chiriku, nguo, nusu ya vyombo. Kabati kubwa la koridoni ni langu, nilikuja nalo. Wabebaji walikuwa wameshalishika. Nikawaambia waliache palepale, wasilisogeze hata kidole. Linamwelekeza mlango wa bafuni; nilishamwona akiligusa. Dereva akauliza mbona. Nikasema halitaingia kule.

Wifi alitaka kusaidia. Akabeba trei ya vikombe kutoka jikoni. Mlangoni kulikuwa na boksi la vitabu nililoliweka mimi, mimi mwenyewe niliyejua. Akajikwaa akaenda chini na vikombe vyote.

"Shangazi, huoni?" Chiriku alipiga kelele. Ni kelele ya mtoto tu, ya kushtuka.

Wifi alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vigae vya vikombe. "Sioni," akasema. Akasema tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. "Mbele naona. Pembeni sioni."

Nikawaambia wabebaji wapumzike. Chiriku nikampa ufagio, mikono yake ilikuwa inahitaji kazi. Nikamwingiza wifi chumbani kwangu, ambamo hakukuwa na kiti tena, tukakaa chini. Kidole kilikuwa kinamtoka damu, nikakifunga kwa kitambaa changu cha kichwa.

"Ulijua," akasema.

Nikakaza fundo la kitambaa.

"Usijibu, najua mna kiapo. Nilijua siku moja jalada litapita mikononi mwako. Namba niliyoandika ni yako."

"Kwa nini yangu, si ya mwanao?"

"Waliniuliza ghafla. Simu siwezi kuisoma haraka. Ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa."

Mvua ilikuwa inagonga bati, na sufuria hazikuwepo, maji yakawa yanaanguka moja kwa moja jikoni.

Nikamwambia nilichokuwa nimekiwaza juma zima. "Hukutaka nikuuguze. Nilimuuguza kaka yako miaka miwili, ukaona isiwe tena. Ndiyo maana ukanisukuma niondoke na hasira."

Akacheka kidogo. "Wifi, unanitafutia sababu nzuri. Usinitafutie. Nilipoambiwa haya macho, niliogopa. Nikampigia mwanangu. Akasema atakuja kuishi na mimi kama kuna nafasi. Mkewe ni mjamzito, hawawezi kulala sebuleni. Nikaweka kwenye mizani, mwanangu huku, wewe huku. Nikamchukua mwanangu. Ungekuwa wewe, na upande mmoja yuko Chiriku?"

"Ningemchukua Chiriku."

"Basi."

"Lakini ningekwambia."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Ungeniambia. Ndiyo. Mimi nilishindwa. Na siku ya mjumbe nilikukosea, pale sina utetezi. Nilimsikia mzee. Alisema *kaeni*. Naisikia mpaka leo."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu tarehe sita Aprili. Nilifikiri likija nitapona. Halikuniponya. Nilimshika mkono nikamwinua, kwa sababu wabebaji walikuwa wanalipisha kusubiri.

Chiriku aliingia kwenye gari bila kugombezwa. Alikuwa anamlilia shangazi yake wazi wazi, na alikaa karibu na mimi.

Jumanne, 28 Mei

Kimya cha nyumba mpya. Nimepika chakula cha watu watatu.

Jumapili, 9 Juni

Mvua imekwisha, matope yameanza kushika. Chiriku ameshinda jana kwa shangazi yake, amerudi na midomo mirefu. Mtoto wa wifi na mkewe wamefika. Wamepaka rangi, wamenunua makochi, wamegeuza sebule nzima. "Shangazi anakaa kwenye kiti kimoja tu, mama. Hatembei. Ana alama hapa," akagusa goti, "na hapa, na hapa."

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda, mimi na Chiriku. Nilibisha hodi kwenye mlango nilioufungua kwa ufunguo wangu miaka minane.

Alifungua mkamwana wa wifi. Msichana mdogo, tumbo kubwa, macho yamevimba. Mumewe yuko kazini hadi jioni, hata Jumamosi. Kabati langu lilikuwa limehamishiwa uani, lina kuku juu yake. Nilikuja na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Msichana akaanza kabla yangu.

"Anti, mimi sijui kuishi na mtu asiyeona. Nikimsaidia ananifukuza. Nikimwacha anaanguka. Nilitaka nyumba ipendeze, nikadhani atafurahi. Naogopa hata kumuogopa."

Maneno yangu makali yakabaki bila kazi. Nilimwambia avae viatu vya chini.

Yeye hakutakiwa kunyanyua, kwa hiyo tulionyanyua ni mimi na Chiriku. Kochi likarudi ukutani. Meza ya chini ikatoka kabisa. Kabati likarudi koridoni, nikamwonyesha kwa nini. Nikamweleza visu vinakaa wapi, kwamba mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, usiachwe nusu. Kwamba ukiingia chumba alichomo useme neno, neno lolote. Kwamba akisema hataki msaada, hataki, lakini usiende mbali. Alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi. Akaomba kalamu aandike. Nikampa kurasa mbili za daftari hili.

Wifi alikuwa kibarazani muda wote akimsuka mtoto wa jirani, ametega sikio. Tulipomaliza aliinuka. Akaingia ndani peke yake. Tukasimama wote watatu, tukisikiliza kiganja chake kikipita ukutani, kabatini, mlangoni, mpaka bafuni. Akafunga mlango. Mkamwana akaanza kulia, nikamwacha alie, mimba inahitaji maji hayo yatoke.

Jioni wifi akanisindikiza. Nilinyoosha mkono nimshike, nikaurudisha. Alitembea mpaka mwisho wa uchochoro, midomo ikichezacheza. Tulipofika barabarani akasema, "Sitini na nane."

"Nini?"

"Hatua. Kutoka mlangoni mpaka hapa." Akageuza kichwa chote kunitafuta, kama anavyofanya sasa, mpaka uso wangu ukaingia kwenye kile kidirisha kilichobaki. "Na kwako? Kutoka pale gari linaposhusha watu mpaka mlangoni kwako, ni ngapi?"

"Sijahesabu."

"Hesabu."

Jumapili, 16 Juni

Nimetoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Chiriku alihesabu kwa sauti mpaka mwalimu akachungulia dirishani. Nilimfanya arudie, kwa hatua fupi za shangazi yake.

Mia tatu na kumi na tisa. Kuna mtaro kwenye hatua ya mia moja na arobaini, nimeuliza bei ya mbao za kuufunika.